Tamaduni za Dunia Katika Darasa la Awali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu na Wazazi wa Tanga

Maswali haya tunaulizwa kila mwaka, mara nyingine mlangoni na mara nyingine kwenye simu usiku. Wanaouliza ni walimu wenzetu wa chekechea wa Ngamiani, Makorora, Sahare, hadi Muheza na Pangani, pamoja na wazazi wanaotaka kujua mtoto wao anafundishwa nini hasa. Majibu yametokana na darasa letu la awali hapa Tanga mjini. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, tumekuelekeza ulitazame.

## Kuanza

Kwa mtoto wa miaka 5, "tamaduni za dunia" ni kitu gani?

Ni wiki chache ambazo watoto wanachukua jambo wanalolifanya kila siku, kisha wanaona watoto wa kwingine wanalifanyaje: kula, kulala, kusalimia, kubebwa, kucheza, kuvua viatu. Hatufundishi jiografia wala historia.

Mtoto hahitaji kujua mji mkuu wa Japani. Anahitaji kujua kwamba huko Japani kuna mtoto kama yeye ambaye akifika shuleni huvua viatu vya nje mlangoni na kuvaa vya ndani, na kwamba wanafunzi wa huko hufagia na kufuta madarasa yao wenyewe. Mtoto wa Tanga anayeacha kandambili mlangoni kwa bibi yake na kushika fagio asubuhi hilo analielewa papo hapo. Hapo Japani imeshakuwa mahali pa watu, haibaki jina tu.

Hata Tanga yenyewe hawaijui. Dunia wataielewa wapi?

Kweli, "nchi" kwa mtoto wa umri huu ni neno tupu. Muulize Tanzania iko wapi, atakuonyesha bendera mlingotini. Lakini muulize, "Kwenu uji mnatia nini?" Utasikia pilipili manga, tui, ndimu, karanga, maziwa, na mmoja atasema kwao hawanywi uji kabisa. Tofauti tayari zimo darasani, zimekaa jamvi moja.

Sisi siku mbili za kwanza hatutoki nje ya darasa. Tunauliza ya uji, ya kulala, nani anamwimbia mdogo wake na kwa lugha gani. Mtoto akishazoea kwamba jirani yake anatia ndimu kwenye uji na bado ni rafiki yake, safari ya mbali inakuwa nyepesi.

Nianze na nchi ipi?

Usianze na nchi. Mwaka wa kwanza nilipanga Jumatatu China, Jumanne India, Jumatano Misri, hivyo hivyo hadi Ijumaa, na kila siku ilikuwa na bendera yake, vazi lake na chakula chake. Ijumaa nikawauliza wanakumbuka nini. Mtoto mmoja, hodari kweli, akasimama akasema: "Wahindi ni wale wa Jumanne." Niliumia, kwa sababu alikuwa amejifunza nilichomfundisha.

Tangu hapo tunaanza na tendo. Wiki ya kulala, tunaangalia mkeka, kitanda cha kamba na bembea ya kulalia. Wiki ya kubebwa, tunaangalia kanga ya mama, nguo ya mgongoni ya akina mama wa milimani Peru, na koti la akina mama wa Kiinuiti wa kaskazini ya Kanada, lenye kofia kubwa ambayo mtoto hukaa chini yake mgongoni asipigwe na baridi. Kwa kila tendo mahali patatu panatosha, na mahali pamoja kati ya hapo pawe kwetu.

Ichukue muda gani?

Wiki 4 hadi 6, kwa vipindi vya dakika 20. Mtaala wa awali unataka watoto wahusiane, wawasiliane na wamudu sanaa, kwa hiyo huhitaji kipindi cha ziada. Kwenye andalio la somo badilisha mifano tu: kuhesabu iwe kwa kete za bao, hadithi iwe ya baharia.

## Darasa na zana

Sina bajeti. Nitapamba kwa nini?

Viroba vitupu vya unga au sukari, ukivifumua mshono na kuvigeuza, ni turubai nzuri ya kuchorea kwa maka peni. Gundi ni uji mzito wa ngano. Rangi ni manjano, mkaa uliosagwa na maji ya mchicha mwekundu. Vitu vya kutundika havikosi mahali, kwani kamba ya katani katika mji huu haimshindi mtu. Omba kanga kuukuu kwa akina mama. Wataleta nyingi kuliko unavyohitaji, na kila moja ina jina lake la kusomewa watoto.

Tundika vitu usawa wa macho ya mtoto aliyesimama. Nimeingia madarasa mengi yenye picha nzuri zilizobandikwa karibu na dari, ambazo anayeziona ni mkaguzi peke yake.

Kuhusu picha zenyewe tuna kanuni moja: kwa kila picha ya mtu aliyevaa vazi la sherehe, weka mbili za siku ya kawaida. Mtoto anayepiga mswaki, baba anayesukuma baiskeli, dada anayefua. Bila hivyo watoto wataamini kuna watu duniani ambao kazi yao ni kucheza ngoma tu.

Ramani na tufe vinasaidia?

Ramani ya ukutani haisaidii sana. Tufe linasaidia kidogo, na bahari inasaidia sana. Tulipowapeleka Raskazone tuliwasimamisha ufukweni wakitazama mawio, tukawauliza: "Mtu akienda mbele, mbele tu, atafika wapi?" Kwanza Pemba. Akiendelea mashariki, njia inapita jirani na visiwa vya Ushelisheli, na mwisho wa maji ni Indonesia. Watoto waliorudi darasani walikuwa na swali lao wenyewe: huko Indonesia wana ngalawa?

Wanazo. Chombo chenye matengo ubavuni kama ngalawa zetu za Sahare kinaonekana Indonesia, Ufilipino, Madagaska na visiwa vya Pasifiki. Tulichora bahari kwenye kiroba kimoja kirefu, Tanga huku na Indonesia kule, na kila mtoto akabandika ngalawa yake ya kifuu cha nazi. Hiyo ndiyo ramani yetu, na wanaisoma.

Kona zipi nitengeneze?

Kona ya nyumbani inatosha kwa kuanzia. Weka mbuzi ya kukunia nazi (meno yake yafungwe kitambaa), sinia, kinu kidogo, vijiti viwili vya kulia, mkeka na kanga. Acha wachanganye. Mtoto anayekula "wali" kwa vijiti juu ya mkeka wa ukili yuko kazini, usimsahihishe.

Nina watoto 70 na niko peke yangu.

Uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na wengi wetu hatuna raha hiyo. Gawa makundi manne na uyazungushe: moja lisokote kamba, moja lichore, moja lihesabu kete, na moja liwe nawe kwa mazungumzo. Mama au bibi mmoja wa kukaa na kundi la kamba anatosha kukupa pumzi. Kuonja chakula kwa watoto 70 kwa wakati mmoja usijaribu.

## Vitu vya kufundisha

Kwa nini kila mara mnapendekeza mkonge?

Kwa sababu hakuna kitu kilichoiunganisha Tanga na dunia kama mkonge, na mtoto anaweza kuushika. Asili yake ni Meksiko, rasi ya Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Ikapandwa Pangani, na hapo ndipo kilimo cha mkonge nchini kilipoanzia. Wazungu wanauita sisal kwa jina la bandari ya Sisal huko huko Yucatán, ulikokuwa ukisafirishiwa. Bandari kwa bandari, basi.

Watoto hawahitaji mwaka wala jina la Mjerumani, hayo ni yako wewe. Wao wanahitaji singa, yaani nyuzi za mkonge, mkononi. Mwaka juzi tulimwalika babu mmoja aliyefanya kazi korona, kwenye mashine ya kutoa singa, miaka mingi. Hakuhutubia. Alikaa kwenye kigoda, akapandisha kikoi hadi gotini, akachukua singa chache, akazigawa mafungu mawili na kuzisokota juu ya paja kwa kiganja, akisukuma mbele na kurudisha, mpaka kamba ikaanza kutoka upande wa pili kama inajizaa yenyewe. Watoto hamsini na kitu walikuwa kimya kabisa. Kisha msichana wa mstari wa mbele akauliza: "Babu, na wale wa Meksiko wanasokotea pajani?" Babu akanitazama mimi. Nikawaonyesha picha ya bembea, maana Yucatán watu wengi, watoto kwa wakubwa, hulala kwenye bembea za kamba, na zamani zilisukwa kwa nyuzi za mimea ya jamii ya mkonge. Siku ile ile tulitaka kufunga bembea ya mwanasesere kwenye kona ya nyumbani, na ile kamba ya babu ndiyo iliyotumika.

Kuna jambo la pili. Mashamba ya mkonge yalivuta watu kutoka kila pembe ya Tanganyika, na Msumbiji na Burundi pia. Watoto wengi wa Tanga wana babu aliyefika hapa kukata mkonge. Waulize nyumbani, na majibu yatakuja yenyewe. (Lakini soma kwanza swali la makabila, chini.)

Chakula gani kinafaa?

Kile ambacho mtoto anakijua nusu. Mahindi yalianzia Meksiko. Sisi tunayasaga na kusonga ugali, wao huyachemsha kwa maji ya chokaa, wanayasaga na kuyakanda kuwa mikate myembamba ya duara. Unga ni ndugu mmoja. Muhogo ni wa Amerika ya Kusini, na embe ni la India. Hata machungwa ya Muheza, tunayojivunia barabara nzima, asili yake ni Asia. Ukiwapanga hao kwenye sinia moja, mtoto anaona kwamba dunia imeshaingia jikoni kwao siku nyingi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni wali wa nazi. Malaysia watu hula wali wa nazi asubuhi, pamoja na dagaa wa kukaanga, karanga, yai na pilipili. Niliposema hivyo darasani, mtoto mmoja wa Sahare alishika kichwa: "Dagaa! Asubuhi!" Siku tatu aliwasimulia wenzake kama habari ya jirani.

Onjesheni kitu kimoja kwa wiki, kijiko kimoja kimoja. Kabla ya hapo uliza kila mzazi kuhusu karanga, mayai, samaki na maziwa, maana mtoto anayedhurika na karanga hana muda wa kusubiri gari. Nyama tumeiacha kabisa, maana inaleta maswali ya kuchinja yasiyo ya lazima. Na darasani neno "kibaya" halitumiki kwa chakula cha mtu. Tunasema "sijakizoea".

Tufundishe lugha ngeni?

Salamu, ndiyo, na zaidi zile za mkono na mwili, kwa sababu watoto hawazisahau. Wafilipino huchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wao. Waturuki huubusu kwanza, kisha huupeleka kwenye paji. Wamaori wa Nyuzilandi hugusanisha pua na paji. Wahindi huunganisha viganja kifuani. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo ataona mara moja kwamba wote hao wanasalimiana kwa heshima, na atakuuliza wadogo wanajibiwaje. Swali zuri sana, kwa sababu marahaba nayo ni ya kwetu.

Kisha wafunulie kwamba lugha za dunia wameshazibeba mdomoni. Meza, leso na bendera zilitoka Ureno. Shule ni neno la Wajerumani. Sita, saba na tisa ni za Waarabu. Chapati ni ya India. Hata neno la chai asili yake ni China. Tunacheza hivi: nikigusa meza wanapiga makofi ya Ureno, nikishika leso makofi tena, nikisema "shule" wanaruka.

Na michezo?

Hii ni rahisi. Mdako tunaochezea mawe, watoto wa Korea wanao wao wa vijiwe vitano, na kurusha na kudaka ni kule kule. Bao lina ndugu Ghana na Uganda. Trei la mayai lililokatwa na kokwa za ubuyu vinatosha kwa watoto wawili kuhesabu hadi 4 bila kugundua kwamba wanafanya hesabu.

## Wazazi na wageni

Nimwalike nani darasani?

Anayeweza kufanya kitu kwa mikono. Baharia wa kufunga fundo, fundi cherehani, mpakaji hina, mama wa mkate wa kumimina, dereva wa lori aliyefika Kongo na anayekumbuka alichokula njiani. Mpe dakika 15, aje na kitu kimoja na afanye tendo moja. Mwombe asihutubie.

Mzazi anasema tunamfundisha mwanawe dini nyingine. Nijibuje?

Kwanza usimpuuze. Anachokilinda ni kitu kikubwa kwake. Mkaribishe aone vifaa kabla mada haijaanza. Sisi huwaita wazazi wote siku moja kabla, na malalamiko yamepungua tangu tuanze hivyo.

Mstari wetu ni huu: tunasema watu wanafanya nini, hatufanyi ibada. "Familia hii huwasha taa nyingi siku ya Divali" ni habari. Kuwasimamisha watoto waigize sala ya dini yoyote, iwe yao au ya wengine, hatufanyi. Tanga ina misikiti, makanisa na mahekalu, na watoto wanapita mbele yake kila siku. Wakiuliza wanajibiwa kwa ufupi na kwa adabu, kisha wanaelekezwa kwa mzazi.

Mada ikiangukia Ramadhani?

Wiki ya chakula isogezwe hadi baada ya Idi. Watoto wa umri huu wengi hawafungi, lakini wapo wanaojaribu hadi adhuhuri kwa fahari kubwa, na akina mama wa kujitolea wamefunga. Tumia wiki hizo kwa kamba, michezo na hadithi. Kumbuka kila mwaka mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haikufai.

## Mambo magumu

Watoto wamecheka picha au wamevuta macho kuigiza Wachina. Nifanye nini?

Usigombe mbele ya wote, na usinyamaze. Niliwahi kunyamaza nikidhani litapita, na wiki ile ile wakamfanyia mgeni mlangoni. Sasa ninasema kwa sauti ya kawaida: "Macho yake ni hayo, naye akituona sisi macho yetu ni haya. Anaona nini hapa pichani?" Kisha ninawarudisha kwenye tendo: mtoto huyu anaosha sahani, nani kwao anaosha sahani? Kicheko kinakosa pa kukaa. Akirudia, ongea naye peke yake, kisha na mzazi.

Nina mtoto mmoja tu wa Kihindi, au wa Kimasai. Nimtumie kama mfano?

La. Mtoto wa miaka 5 si balozi wa watu wake. Huenda Mmasai wako amezaliwa Mikanjuni, hapa hapa mjini, na hajawahi kuchunga ng'ombe. Akijitolea kusimulia, msikilize kama unavyowasikiliza wengine.

Niwaulize watoto kabila?

Sisi hatuulizi. Wengi wana baba Mdigo na mama Msambaa, au bibi Mzigua na babu Mbena, na swali la kabila linawalazimisha kuchagua. Tunauliza, "Kwenu bibi anakuamshaje?" Lugha inajitokeza yenyewe, na mara nyingi ni mbili. Orodha ya makabila ukutani usiweke.

Siku ya kilele tuwavishe mavazi ya mataifa?

Hapa walimu wenzangu hawakubaliani nami, lakini msimamo wangu ni kutokuwavisha. Manyoya ya karatasi kichwani hayamfundishi mtoto lolote kuhusu watu wa asili wa Marekani, na mzazi analazimika kununua kitambaa cha saa mbili. Mtoto avae nguo anayoipenda ya nyumbani na aonyeshe alichokitengeneza. Mgeni akileta vazi lake mwenyewe na kumruhusu mtoto alishike, hilo ni jambo tofauti.

Mgeni wa kujitolea kutoka Ulaya anataka kuja na kupiga picha.

Aje kwa masharti ya swali la "Nimwalike nani": kitu kimoja, tendo moja. Mmoja alikuja na kopo la vifungo vya nguo vya nyanya yake, wakavipanga asubuhi nzima kwa rangi na matundu. Picha za sura za watoto haziendi mtandaoni bila idhini ya mzazi, na mgeni aambiwe hivyo kabla hajaingia.

Mtoto ameuliza kwa nini watoto wa picha wana vitu vingi kuliko sisi.

Usikane anachokiona. Sema kweli: kuna nyumba zenye vitu vingi na nyumba zenye vichache, huko na hapa. Halafu angalia upya picha zako. Ukiona za nje zote ni za nyumba kubwa na za Afrika zote ni za vijijini, kosa ni lako na si la mtoto. Tafuta ghorofa za Dar es Salaam, tafuta mashamba ya Ulaya.

Mada ikiisha, vitu viende wapi?

Kanga zirudi kwa wenyewe zikiwa zimefuliwa na kukunjwa. Viroba vya michoro vikunjwe kwa ajili ya mwaka ujao. Kamba za katani tunawaachia watoto. Saa nne wanazitoa nje kurukia, na ile ya babu, iliyofunga bembea ya mwanasesere, bado iko kwenye kona ya nyumbani.